Kwa Tak Gilseop, Uliyezoea Kutangulia Njiani

Ni mwaka mmoja sasa, Gilseop, na viatu vyako vya mlimani bado viko mlangoni, vimetazama nje. Mkeo Bunrye huvigeuza kila jioni vitazame ndani, kama viatu vya mtu aliyekwisha kufika. Asubuhi anavikuta vimegeuka tena. Binti yako Yeonhui anasema ni Meoru, mbwa wako, anayelala na pua ndani ya kiatu na kukisukumasukuma. Mama yake hakubisha. Wala hakukubali.

Tunaandika haya ili wasome waliokufahamu, majirani na wapanda mlima wenzako wa Jumapili, na wewe usikie kutoka huko uliko.

Kibanda chako cha fundi viatu pale kando ya stendi ya basi, Wonju, kimechukuliwa na mama mmoja muuza soksi. Ni mtu mwema. Ameacha msumari wako ukutani, ule wa kutundikia kofia, na hajatundika kitu hapo. Watu bado wanakuja na viatu mkononi, wanasimama mbele ya soksi, wanaangalia huku na huku kama waliopotea. Wengine wananunua soksi kwa aibu.

Hukuwa na haja ya kumtazama mtu usoni, wewe ulitazama soli. Yule dereva wa basi alipokuletea kiatu kilicholika upande mmoja ulimwambia, "Bwana, wewe unaelemea kushoto. Nani amekukalia upande wa kulia?"

"Mama mkwe," akasema.

"Basi ugonjwa huu mimi siutibu. Nitabandika soli tu, mengine mwachie Mungu wa mbinguni."

Viatu ambavyo wenyewe hawakuvirudia, hukuviuza. Vilikaa rafu ya juu miaka na miaka, umevipaka dawa, vinang'aa. Bunrye alikulaumu kwamba unafuga viatu vya watu. Ukamjibu, "Mwenyewe atarudi. Mtu hasahau viatu vyake, husahau njia tu." Siku hizi mkeo anayakumbuka maneno hayo zaidi ya anavyopenda kuyakumbuka.

Na kila mwaka, majira ya mapukutiko yalipoingia na miti ya mlimani ikaanza kuwaka rangi nyekundu kama imetiwa moto kutoka juu kuja chini, ulifunga kibanda, ukatangaza nyumbani kwamba familia nzima inakwenda Gomjae. Si milima ile mikubwa ya hifadhi. Kule mbwa hawaruhusiwi, nawe ulisema mlima unaomkataza Meoru umekukataza na wewe. Meoru, maana yake zabibu mwitu. Ulimpa jina hilo kwa ajili ya macho yake.

Mzigo wako tuliujua kwa moyo: matango ya kutafuna njiani badala ya maji, mayai ya kuchemsha, wali uliozungushiwa mwani, na chupa ya pombe nyeupe ya mchele uliyoifunga kwa gazeti lililoloa ili ifike baridi. Kwenye kila rundo la mawe ya nadhiri uliweka jiwe lako, ukamwekea na Meoru jiwe lake. Seunggu mwanao alikuuliza, mbwa naye ana nadhiri gani. Ukasema, "Muulize yeye. Mimi nambebea tu."

Halafu ulitangulia. Hukuwahi kutembea na wenzako hata siku moja. Ulipanda mbele na mbwa wako, ukapotelea kwenye miti, na ulipokwisha kuwaacha mbali ukapiga ule ukelele wa mlimani, Yaho, mmoja tu, mrefu, wenye kupanda mwishoni kama unauliza kitu. Vibao vimewekwa siku hizi kwamba watu wasipige kelele, wanyama wanashtuka. Ulikuwa unavisoma kwa sauti, unaviinamia kwa heshima, kisha unapiga Yaho yako. "Wanyama wanisamehe, ni mara moja tu." Sheria yako ilikuwa kwamba wa nyuma lazima waitikie, na wa mwisho kuitikia ndiye anayenunua chakula pale genge la Bibi Hwang, juu kwenye shingo ya mlima.

Bunrye alinung'unika kila mwaka. "Baba Yeonhui, tumekuja kutembea au kukufukuza?"

"Fukuza pole pole," ulimwambia. "Ukinifikia utanichoka."

Hakukufikia.

Mwaka jana mlikwenda wanne na mbwa. Kaka yako Manseop hakuwepo. Yeye, kama ujuavyo, miguu yake haijapata kutulia, alikuwa huko kwenye njia zake, na habari ilimfikia ukiwa umekwisha kuoshwa na kuvishwa. Haya anayoyaandika hapa ameyapata kwa mkeo, aliyeyasema mara nyingi mwaka huu, akiosha mchele, akikunja nguo, akiwa amemgeuzia mgongo.

Kabla ya kufika kwa Bibi Hwang, pale njia inapogawanyika, Meoru alinusa kitu akateremka mbio kwenye bonde dogo. Ulimwita hakusikia. Ukavua mzigo ukampa Seunggu.

"Nendeni," ulisema. "Agizeni jeli ya mwaloni kabla watu wa Seoul hawajaimaliza. Namshika huyu mpumbavu, nawakuta."

"Nimngoje nani, wewe au mbwa?" Bunrye akauliza.

"Atakayerudi wa kwanza."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho kwake, na mtu hawezi kuyabadilisha tena.

Wakapanda. Ukungu ukashuka, miti ikawa haionekani ila wekundu wake. Walikaa kwenye benchi la Bibi Hwang, wakaletewa jeli ya mwaloni, ile ya unga wa kokwa zake, iliyotiwa mchuzi wa soya na pilipili, na chapati za viazi za moto. Wakasubiri. Chapati zikaanza kupoa. Bunrye akasema, "Tule, yeye atakuta nyingine." Wakala. Wakiwa katikati ya kula, ikaja.

Yaho. Mmoja tu, mrefu, wenye kupanda mwishoni.

Seunggu akacheka, akasema mzee amepotelea kwenye ukungu na anaona haya kusema. Yeonhui akaitikia wa kwanza, Seunggu wa pili. Bunrye akaweka vijiti chini, akakinga mikono mdomoni, akaitikia wa mwisho, wakamcheka kwamba leo ananunua yeye. Akaketi. Akachukua kipande kingine cha jeli.

Hicho kipande, Gilseop. Mwaka mzima mkeo hajakimeza.

Hukuja. Walipoanza kuita kwa wasiwasi hukuitikia, akaitikia Meoru, akibweka mfululizo, kutoka huko chini. Waliufuata mlio wake. Ulikuwa umelala ubavu kwenye majani mekundu chini ya njia, kofia bado kichwani, na mbwa amejilaza juu ya miguu yako kama blanketi. Ulikuwa umekwisha kuwa wa baridi. Meoru alipowaona alinyamaza. Tangu hapo hajabweka tena, si kwa mtu wa barua, si kwa paka wa jirani.

Daktari alisema ni moyo. Alisema moyo ulisimama ghafla mara tu uliposhuka bondeni, hukupata hata nafasi ya kukaa chini. Alisema kwa upole, wanao wakashukuru. Bunrye hakushukuru.

"Daktari hakuwepo," alisema. "Mimi nilikuwepo. Alikuwa hai, ameanguka, ananiita. Mimi nikampigia kelele ya mchezo, nikarudi kula."

Huo ndio mwaka aliouishi. Mvuke wa sufuria ya wali ulipopiga mluzi, yeye aliweka vijiti chini. Lifti ilipofunguka na kulia, yeye aligeuka. Kuna siku alikuwa sokoni, watu wamejaa, akasimama katikati ya mboga, akakinga mikono mdomoni, kisha akakumbuka yuko wapi akaishusha pole pole, akajifanya anapiga miayo. Muuza kabichi alimpa kabichi moja zaidi.

Sikukuu ya mavuno, tulipokutandikia meza ya wahenga, alikuwekea pichi. Tulijua unavyopenda pichi, ulikuwa unazila umeinama ili maji yasikuchafue shati. Kaka yako alipoliona tunda hilo mezani alikaribia kupiga kelele.

"Shemeji, ondoa. Pichi hufukuza roho. Unataka aje au unataka akimbie?"

"Alizipenda."

"Alizipenda akiwa na meno. Ondoa, shemeji, tafadhali."

Bunrye akaliondoa, akalishika mkononi tambiko zima. Baadaye alimwambia Manseop jikoni, "Nilitaka kuona kama atakasirika. Mtu akikasirika, unajua yupo."

Basi majani yalipoanza tena kuwaka mwaka huu, yeye mwenyewe akasema, tunakwenda Gomjae. Seunggu alikataa.

"Mama, acha. Ukishajua, iweje?"

"Nitajua nilikuwa nakula huku mume wangu ananiomba, au la. Basi. Nitalala au sitalala, lakini nitajua."

"Na ikiwa ndiyo?"

"Ikiwa ndiyo ni mzigo wangu. Huu wa sasa sijui hata ni wa nani."

Yeonhui akakata matango.

Tulikwenda Jumapili iliyopita, Bunrye, wanao wawili, kaka yako, na Meoru kwenye kamba. Hapakuwa na mtu wa kutangulia. Tulijikuta sote tunatembea pamoja, tunakanyagana visigino, kama watu wasiojua kazi ya kupanda mlima. Kwenye rundo la mawe Seunggu aliweka jiwe lake, akasimama kidogo, akaweka na la mbwa.

Pale njia inapogawanyika Seunggu aliteremka peke yake mpaka mahali ulipolala. Makubaliano yalikuwa kwamba apige Yaho kwa nguvu zake zote, arudie mpaka koo likatae, wakati mama yake amekaa kwenye benchi lilelile la Bibi Hwang. Bibi Hwang alitukumbuka. Alipoambiwa tumekuja kufanya nini, alizima moto wa kikaango chake mwenyewe, bila kuombwa, mafuta yasiseme.

Bunrye alikaa amefumba macho, mikono juu ya magoti. Tulisikia upepo. Tulisikia majani yakidondoka, kwa sababu yakiwa mengi yana sauti. Kaka yako alihesabu pumzi zake mwenyewe akachoka. Watu wawili wa Seoul walifika, wamevaa rangi za kila namna, wakaanza kuuliza bei, Bibi Hwang akawanyamazisha kwa mwiko.

Hatukusikia kingine chochote.

Seunggu alirudi amelowa jasho, sauti imekatika.

"Nimepiga mpaka koo limechanika," alisema. Alisema kwa kunong'ona, hakuwa na namna nyingine. "Mmesikia mara ngapi?"

"Hatujasikia," Yeonhui akamwambia.

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

Bunrye akafumbua macho. "Siku ile kulikuwa na ukungu."

"Ukungu humeza sauti, mwanangu, hauiongezi," Bibi Hwang akasema. "Nimekaa juu ya mlima huu tangu nina nywele nyeusi. Kutoka bonde lile hata shoka la mkata kuni halifiki hapa. Kubweka kwa mbwa mlikusikia kwa sababu mlikuwa mmeshaanza kushuka."

Ni kweli. Walikuwa wameshaanza kushuka.

Mkeo alishika ukingo wa meza. Tuliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyevuliwa mzigo na mwingine kutoka nyuma. Hukumwita, Gilseop. Hukulala pale ukimwomba akakujibu kwa mchezo. Daktari alikuwa amesema kweli. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kitambaa cha meza, Bibi Hwang akajifanya hakuona kitambaa chake kinatumika.

Kisha Yeonhui, ambaye tangu utoto anauliza lile ambalo wengine wameliruka, akasema taratibu, "Basi ile sauti ilitoka wapi?"

Bibi Hwang alikuwa anawasha moto. Hakugeuka.

"Ilitoka juu," alisema.

"Juu wapi?"

Akaonyesha kwa mwiko, upande wa kilele, ambako siku ile walikuwa hawajafika. "Juu. Nilikuwa nimesimama hapahapa. Mimi nilidhani mzee wenu amewapita kwenye ukungu, ametangulia."

Wakatazamana, mama na wanao. Maana ilikuwa hivyo. Wote watatu walikuwa wameitikia huku wametazama juu. Bunrye alikinga mikono mdomoni akaelekea kileleni, mgongo wake ukiwa upande wa bonde. Walikukuta chini, na kwa kuwa walikukuta chini, mwaka mzima wakaikumbuka sauti ikitoka chini. Lakini ilitoka mbele, kama kawaida yako.

"Ni mwangwi," Seunggu akanong'ona. "Imepiga mwamba ikarudi."

"Mwangwi wa nini, na wewe leo umejiua kwa kelele tusisikie?" akasema Bibi Hwang.

"Basi mpanda mlima mwingine."

"Inawezekana," kaka yako akasema, maana inawezekana, na njia zimemfundisha kutobishana na linalowezekana.

"Mtu mwingine ana sauti yake," Bunrye akasema. "Ile naijua. Nimeinung'unikia miaka yangu yote."

Hapo ndipo tulipomwona Meoru. Alikuwa amesimama mwisho wa kamba yake, hatazami bonde, hatazami chakula. Masikio juu, pua juu, ameelekea njia ya kileleni, na mkia wake unakwenda pole pole, hivi na hivi, namna anavyoutikisa mtu wa nyumbani anapokuwa bado mbali. Hakubweka. Hakukuwa na kitu kwenye njia ile ila majani.

Nywele za mikono zilitusimama, hatutakuficha. Wale watu wawili wa Seoul walibeba mizigo yao wakaenda kukaa mbali.

Bunrye alivuta sahani ya jeli ya mwaloni, akachukua kipande, akakila. Alikitafuna kwa muda mrefu. Kisha akaweka vijiti chini sawasawa, akainuka, akavuta nguo yake ikakaa vizuri kama mtu anayekwenda kupokea mgeni, akakinga mikono mdomoni. Hatukuwa tumekusikia ukiita. Yeye aliitikia hivyohivyo. Sauti yake ilipasuka katikati, akairudisha, akaimaliza.

Halafu tukasikiliza. Tulichosikia, kila mmoja ana chake. Tulishuka bila kuulizana. Njia nzima Meoru alitembea nyuma, akisimama na kugeuka, akisimama na kugeuka, kama anayehakikisha kwamba mtu wa mwisho hajaachwa.

Tambiko lako la mwaka litakuwa Jumamosi hii nyumbani, jua likishazama. Waliokupenda waje, wasilete kitu. Pichi haitakuwepo, kaka yako na mkeo wamekwisha kupatana: utawekewa matango. Kamba ya kuanikia nguo tutaishusha mapema usije ukanaswa ukiingia. Mlango utakuwa wazi hata kukiwa na baridi. Kaka yako alisema, kwa desturi, mbwa apelekwe kwa jirani asije akakubwekea ukaogopa kuingia. Bunrye alimjibu, "Huyo ndiye aliyekaa naye wakati sisi tunakula. Atakaa mlangoni, bila kamba. Akibweka, tutajua umefika. Asipobweka, pia."

Alisema "umefika", Gilseop. Hakusema "amefika". Hakuna aliyemsahihisha.

Jana jioni hakuvigeuza viatu vyako. Ameviacha vitazame nje kama unavyotaka, ila amevipaka dawa, vinang'aa. Njia usiisahau.

Wanakukumbuka mkeo Ham Bunrye, ambaye bado hajakuchoka, wanao Yeonhui na Seunggu, ambaye sauti inamrudia kidogo kidogo, kaka yako Manseop, muuza soksi wa stendi, aliyeomba atajwe, na Meoru.

Wewe umetangulia tu. Siku yoyote utakayoita, tutasimama kwanza, ndipo tuitikie.